Konda Anaita Mwenge, Gari Linaishia Ubungo: Pale BGP na OSPF Zisipoelewana

Kuna tatizo moja la mitandao ambalo halipigi kelele. Taa zote ni za kijani, ruta zote zinasema majirani wapo, jedwali linaonyesha njia ipo, na bado pakiti haifiki. Ukiiuliza ruta ya mwanzo, njia inaijua. Ukiiuliza ya mwisho, nayo inaijua. Inayokwamisha safari ni ruta ya katikati, ambayo hakuna aliyehangaika kuiuliza.

Mimi nipo mwaka wa nne, na jioni nyingi huwa nasaidia wenzangu kwenye maabara ya mitandao. Kila msimu wa mitihani ya vitendo ukikaribia, tatizo hili linarudi likiwa na sura ileile. Na kila mara nakuta kwenye madesa yanayozunguka chuoni mstari mmoja umeandikwa bila maelezo: no synchronization. Watu wanauandika kwenye ruta kama dua. Ukiuliza unafanya nini, jibu ni moja tu: "Ndivyo ilivyo kwenye desa."

Naomba leo tuufungue mstari huo. Anayeuelewa amepata sapu ya kuikwepa, sawa, lakini amepata na kikubwa zaidi: siku akikabidhiwa mtandao wa watu huko mtaani, atajua pa kuanzia.

Itifaki mbili, kazi mbili

BGP na OSPF zote zilichapishwa rasmi kwa mara ya kwanza mwaka 1989, ila zilizaliwa kwa shida tofauti.

OSPF ni ya ndani ya nyumba. Ruta zilizo kwenye eneo moja hupeana habari za viungo vyao mpaka kila moja inakuwa na ramani kamili, kisha kila moja inapiga hesabu ya Dijkstra kutafuta njia nafuu. Kwenye kiungo cha Etheneti zinasalimiana kila sekunde 10, na jirani akinyamaza sekunde 40 anahesabiwa hayupo. Ni itifaki ya haraka, inayoaminiana, na inayofanya kazi vizuri pale njia zinapokuwa za kiasi.

BGP ni ya mpakani. Haijali ramani ya ndani ya mtu. Inafungua mazungumzo ya TCP kwenye poti 179 na jirani aliyetajwa kwa anwani, kisha inasema: mtandao fulani nitakufikisha, na hawa ndio tutakaopita kwao. Kila mfumo huru una namba yake, na orodha ya namba hizo ndiyo inayozuia habari kuzunguka duara. Leo jedwali la BGP la dunia kwa IPv4 lina njia zaidi ya 900,000. Kumbuka namba hiyo, tutaihitaji.

BGP yenyewe ina sura mbili. Ikizungumza na mfumo mwingine tunaiita ya nje. Ikizungumza kati ya ruta mbili za mfumo uleule tunaiita ya ndani. Jambo la kushika ni hili: ruta mbili za BGP ya ndani si lazima ziwe zimeunganishwa kwa kebo moja. Zinaweza kuongea juu ya vichwa vya ruta nyingine ambazo hazijui kabisa kinachoongelewa. Hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Maabara yetu

Chukua karatasi uchore ruta tano kwenye mstari: R0, R1, R2, R3, R4. R0 ni ya mfumo 65001 na ina mtandao 203.0.113.0/24. R1, R2 na R3 ni za kwetu, mfumo 65010. R4 ni ya mfumo 65002, jirani yetu wa upande wa pili, na nyuma yake kuna kompyuta za 198.51.100.0/24. Unaweza kuijenga yote kwenye GNS3 kwa ruta za c3725 zenye IOS 12.4.

Ndani kwetu OSPF inaendeshwa na ruta zote tatu. BGP ipo R1 na R3 tu, zikiongea kupitia anwani zao za Loopback0. R2 ipo katikati, inapitisha pakiti, haijui BGP ni nini.

R0 inaitangazia R1 mtandao wa 203.0.113.0/24. R1 inampasha R3 kwa BGP ya ndani. R3 nayo inaitangazia R4: kama unakwenda 203.0.113.0/24, pitia kwangu. R4 inafurahi na kuanza kutuma mzigo.

Sasa fuata pakiti moja. Inatoka kwenye kompyuta iliyo nyuma ya R4, inafika R3. R3 inaangalia jedwali: kwenda huko, elekea R1, na R1 inafikika kupitia R2. Inaikabidhi R2. R2 nayo inaangalia jedwali lake, ambalo lina njia za OSPF peke yake. Hakuna 203.0.113.0. Pakiti inatupwa hapohapo.

Ni konda aliyesimama Mbezi anaita "Mwenge! Mwenge!", abiria wanapanda, halafu gari linakatisha ruti Ubungo. Ukimsikiliza huoni uongo, kwa sababu Mwenge ipo na barabara ya kwenda huko ipo. Shida ni kwamba gari alilowapandisha watu halifiki.

Dalili zake unaweza kuzisoma vizuri ukiwa mtulivu. Piga ping ukiwa kwenye R3 yenyewe: skrini itaonyesha U na nukta zikipishana, U.U.U. Hiyo U ni habari njema, maana kuna ruta njiani imejibu kwamba haiwezi kufikisha. Ukitumia traceroute utaona hatua ya kwanza ni R2 ikiwa na alama ya !H. Lakini piga ping ukiwa kwenye kompyuta ya nyuma ya R4, utapata ukimya mtupu. Kwa nini? Kwa sababu R2 haijui njia ya kurudi 198.51.100.0/24, kwa hiyo hata ule ujumbe wa kulalamika hauna pa kupita. Mteja anaona giza, wewe wa ndani unaona U. Ndiyo maana mteja akipiga simu, usiishie kumwambia "kwangu naona kitu kingine." Vipimo vyote viwili ni vya kweli.

Kanuni ya usawazishaji ilitaka nini

Wazee wa mitandao waliliona hili mapema. Mwaka 1993 ulitoka waraka mzima, RFC 1403, kuhusu namna BGP na OSPF zinavyopaswa kushirikiana. Kwenye ruta za Cisco kanuni ikawekwa hivi: njia uliyoisikia kwa BGP ya ndani usiitumie, wala usimtangazie jirani wa nje, mpaka njia hiyohiyo uione pia kwenye itifaki ya ndani.

Mantiki yake ni nyepesi. Kama OSPF inaijua njia, maana yake R2 nayo inaijua. Kama R2 inaijua, pakiti haitatupwa katikati. Basi subiri ushahidi kutoka OSPF kabla hujatoa ahadi kwa watu wa nje.

Washa kanuni hiyo kwenye R3 uone. Andika synchronization chini ya router bgp 65010, kisha:

show ip bgp 203.0.113.0

Utasoma maneno not synchronized. Kwenye orodha ya show ip bgp, njia itakuwa na nyota lakini haina alama ya > inayoonyesha imechaguliwa. R4 nayo haitaambiwa kitu. Mtandao umekataa kutoa ahadi usiyoweza kuitimiza. Wengi wakifika hapa wanaona ruta imeharibika, kumbe ndiyo inayosema kweli kuliko zote.

Ili kanuni iridhike, tunahamishia njia za BGP kwenye OSPF pale R1:

router ospf 1
 redistribute bgp 65010 subnets

Neno subnets lina kazi yake. Bila hilo, IOS ya namna hii inahamisha tu mitandao inayolingana na madaraja ya zamani. 203.0.113.0/24 itapita kwa sababu ni daraja C kamili, lakini 203.0.113.0/25 itaachwa. Mtu akikwambia "njia moja imepita, nyingine imegoma," angalia hapo kwanza. Na usisahau kufanya hivyohivyo R3 kwa ajili ya 198.51.100.0/24, maana safari ina kwenda na kurudi.

Vitambulisho viwili, ruta moja

Hapa ndipo OSPF inapokuwa na masharti yake ya pekee, na ndipo vikundi vingi vinapokesha.

Kikundi kimoja kiliniita kikiwa kimeshahamisha njia. Jedwali la OSPF kwenye R3 lilikuwa na 203.0.113.0/24, inaonekana kabisa, lakini BGP ilikuwa bado inasema not synchronized. Mmoja wao akaniambia, "Kaka, njia si hiyo hapo? Mbona bado inakataa?"

Inakataa kwa sababu, itifaki ya ndani ikiwa OSPF, kuona njia peke yake hakutoshi. R3 inataka kuhakikisha aliyeileta njia kwenye OSPF ndiye yuleyule aliyeileta kwenye BGP. Inalinganisha kitambulisho cha ruta cha OSPF na kitambulisho cha ruta cha BGP. Vikitofautiana, kwa R3 hao ni watu wawili, na ushahidi wa mmoja haumsaidii mwingine.

Vinatofautianaje wakati ruta ni moja? Kama hujaweka kitambulisho kwa mkono, ruta inachukua anwani kubwa kuliko zote za Loopback. Kama Loopback haipo, inachukua anwani kubwa kuliko zote za poti zilizo hai. Na ikishachagua, OSPF haibadilishi mpaka iwashwe upya. Kwenye R1 ya kikundi kile, OSPF iliwashwa kabla Loopback0 haijawekwa, ikachukua 192.0.2.2, anwani ya poti inayoelekea R0. Baadaye Loopback0 ikaongezwa, 10.255.0.1, kisha BGP ikawashwa na kuichukua hiyo. Ruta moja, majina mawili.

Uthibitisho unapatikana kwa amri mbili ukiwa R3:

show ip ospf database external 203.0.113.0
show ip bgp neighbors 10.255.0.1

Kwenye ya kwanza tafuta Advertising Router. Kwenye ya pili tafuta remote router ID. Namba hizo mbili lazima zifanane. Zisipofanana, weka zote kwa mkono: router-id chini ya OSPF, bgp router-id chini ya BGP. Kisha washa OSPF upya kwa clear ip ospf process. Maabara fanya saa yoyote. Kwenye mtandao unaotumika, subiri muda uliokubaliwa wa matengenezo, maana majirani wote watadondoka na kurudi.

Baada ya hapo njia itasawazika, na utaona kioja cha mwisho: kwenye jedwali la R3 njia inaonekana O E2, yaani ya OSPF, na kwenye BGP ina herufi r. Usihangaike. Cisco inazipa itifaki namba za kuaminiwa, na ndogo ndiyo inayoshinda: BGP ya nje 20, OSPF 110, BGP ya ndani 200. OSPF imeshinda nafasi ya jedwalini. BGP bado ina njia yake na bado inaitangazia R4.

Mbona basi waliizima?

Kwa sababu dawa iligeuka sumu. Maabara tumehamisha njia moja. Mtandao unaopokea jedwali zima la dunia utahamisha zile njia 900,000 na ushee ndani ya OSPF, ambayo kila ruta inalazimika kutunza nakala ya kila taarifa, na kila taarifa inatangazwa upya kila baada ya dakika 30 hata kama hakuna kilichobadilika. Ruta ndogo inaishiwa kumbukumbu, na ikidondoka inaondoka na njia za ndani pia. Ulitaka kuokoa safari za nje, umepoteza na za nyumbani.

Hatari ya pili ni kurudisha. Mtu anahamisha BGP kwenda OSPF, mwenzake upande wa pili anahamisha OSPF kwenda BGP. Kwa kawaida Cisco huchukua zile za ndani ya OSPF tu, lakini akiongeza match external, njia za watu zinarudi kwenye BGP zikiwa zimepoteza orodha ya mifumo zilikopita. Mtandao wako unaanza kuitangazia dunia kwamba njia hizo ni zako. Tarehe 25 Aprili 1997 dunia ilionja kitu cha namna hiyo, pale mfumo wenye namba 7007 ulipotangaza njia nyingi za wengine kama zake, zikiwa zimekatwakatwa vipande vya /24 na orodha ya mifumo ya awali ikiwa imefutika. Kwa kuwa kipande kidogo hushinda kikubwa, ruta za sehemu nyingi zilielekeza mzigo huko, na intaneti ikayumba.

Kwa hiyo njia iliyokubalika ni nyingine: ifundishe R2 BGP. Ruta zote zinazopitisha mzigo wa nje ziwe na BGP ya ndani, kila moja na mwenzake, maana ruta haimpashi jirani wa ndani njia aliyoisikia kwa jirani mwingine wa ndani. Kwa ruta 3 ni mazungumzo 3. Kwa 10 ni 45. Kwa 50 ni 1,225. Ndiyo sababu tangu 1996 kuna ruta viakisi, ambazo zinapokea na kuwapasha wengine kwa niaba. Wengine wanatumia MPLS, ambapo ruta ya katikati inafuata lebo bila kuuliza pakiti inakwenda mtandao gani. Cisco nao, kuanzia IOS 12.2(8)T, wakaizima kanuni ya usawazishaji kama kawaida ya ruta.

Hapo sasa utauona ule mstari wa kwenye desa ulivyo. No synchronization ni sawa pale tu ambapo ruta ya katikati imeshapewa namna nyingine ya kujua njia. Ukiizima kanuni bila kuishughulikia R2, hujatibu chochote. Umemruhusu konda aendelee kuita.

Kanuni imezimwa, swali lipo

Kuna wanaosema mada hii ni ya makumbusho. Angalia mfano huu wa mtandao wa kisasa. Katikati kuna ruta mbili, R2 na R5, zote zina BGP, kila kitu kiko sawa. R2 inazimwa kwa matengenezo, mzigo unahamia R5. Baadaye R2 inawashwa. OSPF inapanda ndani ya sekunde chache na kutangaza: nimerudi, njia fupi ni mimi. Mzigo wote unarudi. Lakini BGP bado inafungua mazungumzo na kupokea njia, kazi inayoweza kuchukua dakika kadhaa. Katika muda huo R2 inapokea pakiti isizojua pa kuzipeleka, na inazitupa. Ni shimo lilelile, safari hii limechimbwa na saa.

Suluhisho limeandikwa rasmi tangu 2001: ruta inayowaka ijitangaze kwenye OSPF kwa gharama kubwa kuliko zote, 65535, ili ipitiwe pale tu pasipo na njia nyingine, mpaka BGP ikae sawa.

router ospf 1
 max-metric router-lsa on-startup wait-for-bgp

BGP isipokamilika, inasubiri hadi sekunde 600 kisha inaachia. Mstari huu siuoni kwenye madesa, na ni usawazishaji uleule kwa nguo mpya.

Utaratibu wa kutafuta

Mwenzangu, likikukuta, usianze kubadilisha chochote. Uliza kwa mpangilio huu.

Kwanza OSPF: show ip ospf neighbor. Majirani wawe FULL. Jirani aliyeganda EXSTART mara nyingi ana MTU tofauti.

Pili mazungumzo ya BGP: show ip bgp summary. Safu ya mwisho iwe na namba. Ukiona Active au Idle, mazungumzo hayajafunguka.

Tatu njia yenyewe: show ip bgp ikifuatiwa na mtandao unaoutafuta. Ukisoma inaccessible, kituo kinachofuata hakifikiki, na next-hop-self kwenye R1 ndiyo tiba ya kawaida. Ukisoma not synchronized, nenda kwenye vitambulisho.

Nne, ingia kila ruta iliyo njiani, moja baada ya nyingine, uandike show ip route kwa mtandao wa kwenda na kwa mtandao wa kurudi. Hatua hii inachosha, ndiyo maana watu wanairuka, na ndipo jibu lilipo mara nyingi.

Mwisho, pima kutoka alipo mlalamikaji, kwa anwani ya chanzo ya mlalamikaji. Ping inayotoka kwenye ruta yako haimwakilishi.

Ukimaliza yote hayo na bado hujaona kitu, rudi kwenye mchoro wako, weka kidole kwenye ruta ambayo hukuingia kwa sababu "hiyo haina shida," kisha uingie.